Chanjo ya Mzee Kajiru

Kazi ya Nambike ilikuwa kuwadanganya watu, na alilipwa mshahara kwa hilo. Katika vijiji vyote vya mlimani aliitwa mchanjaji, na watu walimpenda kama watoto wanavyompenda nesi wa sindano: walimsalimia vizuri huku wakimchunguza mikono. Akipita sokoni Ikongwe, akina mama walimuuliza, "Leo umekuja mwenyewe, au umekuja kikazi?" Naye alicheka, maana siku nyingine hata yeye hakuwa na jibu.

Chanjo yenyewe ilikuwa uongo mdogo usiodhuru. Simu inaita, anayeongea ana sauti ya mwanao aliyeko Tanga, anasema amepata matatizo, anataka neno lako la siri haraka. Ukilitoa, huibiwi kitu. Nambike anakuja kubisha hodi, anakaa, anakunywa chai yako na kukuonyesha pale ulipoteleza. Ukikataa, simu inakupongeza kwa sauti laini ya kuudhi: "Asante, mwananchi, umekaa macho." Wengi waliichukia pongezi hiyo kuliko uongo wenyewe.

Hawakuwa wakicheza. Kulikuwa na kiangazi ambacho watu wazima wa Ikongwe bado wanakiita Kiangazi cha Sauti. Mashine za watu wasiojulikana zilijifunza kuiga binadamu, zikampigia mhandisi wa maji wa bonde zima kwa sauti ya mkubwa wake wa kazi, na yule bwana, mtiifu wa watu, akafungua malango yote. Maji yalishuka mtoni yakaenda zake. Mahindi yalikauka yakiwa yamebeba, na familia nyingi zilifunga virago. Tangu hapo wakulima walikataa kuacha maji mikononi mwa mtaalamu mmoja au mtambo mmoja. Kila ndiva, yaani bwawa la mlimani linalokusanya maji ya chemchemi ili yagawiwe mashambani, lilikabidhiwa kwa wananchi wa zamu. Lango halikufunguka mpaka mwenye zamu aseme "fungua" kwa kinywa chake, akijua anamwambia nani na kwa nini. Kwa hiyo usalama wa maji ya kijiji kizima ulikaa masikioni mwa bibi anayepepeta maharage uani kwake.

Na katika masikio yote ya Ikongwe, hayakuwepo kama ya Mzee Kajiru. Chanjo zote alizopelekewa alizirudisha na matusi juu. Njia yake ilikuwa ya zamani kuliko simu: utani. Yeye alikuwa Mpare, na rafiki yake mkubwa, Ndekirwa, alikuwa Mchaga aliyehamia Ikongwe ujanani akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Watani hawa hawakuwahi kuanza mazungumzo bila kuchokozana, na uchokozi wao kila siku ulikuwa mpya. Sauti ya uongo ingeweza kuwa na kikohozi chako, lakini haikuweza kukutukana vizuri. Kijiji kiliona, kikaiga. Hata wasio watani walitafutiana uchokozi, na ofisi ya mkoa ilituma wataalamu waje kujifunza kwa nini Ikongwe haidanganyiki. Waliondoka wametukanwa, lakini wamefurahi.

Ndekirwa alipokuwa hai aliiachia Ofisi ya Kinga sauti yake, akatia sahihi kwamba itumike kuwachanja wengine. Kisha akafa, na mwaka ukapita.

"Kajiru hatujawahi kumchanja," alisema Mrutu, mkuu wa ofisi, asubuhi ile. "Tunamkuna tu."

"Hahitaji zaidi ya hapo, mkuu."

Mrutu alivuta kiti akakaa. Hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa mtu wa kukuelewesha mpaka ukose pa kutokea. "Watu wa vijiji vya upande wa pili wameanza kupigiwa na marehemu wao. Si uvumi, nimezungumza nao mwenyewe. Mama mmoja kapigiwa na mumewe, kafungua lango."

"Hakujua kwamba mumewe alikufa?"

"Alimzika mwenyewe. Alijua. Ndiyo shida yenyewe, Nambike. Miaka yote tunawafundisha watu kuutambua uongo. Huu hautaki kukuficha kitu, unakuja umejitangaza, na bado mtu anafungua."

Nambike alielewa kabla hajaambiwa. Mtambo wa ofisi, ambao waliuita Mwangwi, ulikuwa umekaa kwenye kona ukiwa na taa yake ya kijani. Ulihitaji saa chache tu za sauti ya mtu ili utunge maneno ambayo mtu huyo angeweza kuyasema. Za Ndekirwa zilikuwepo za kutosha na kubaki.

"Mzee akianguka kwenye lango, hata kwa chanjo, atavuliwa zamu," alisema. "Sheria haina mlango wa nyuma."

"Akianguka kwetu anavuliwa zamu. Akianguka kwa wale wengine, ndiva linakauka katikati ya kiangazi. Chagua wewe, wewe ndiye mchanjaji."

Akaondoka, akaacha chai yake ikipoa. Nambike alikasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba Mrutu alikuwa sahihi. Aliiandaa chanjo mwenyewe, maana hakutaka ishikwe na mkono mwingine. Aliyapitia mazungumzo ya watani wale wawili, akacheka peke yake, akafuta machozi, akauachia Mwangwi ufanye kazi. Lango la kweli alilitenga, ili neno lolote litakalosemwa lisitoe hata tone. Kisha akavaa hedifoni, akapiga.

"Mpare," sauti ya Ndekirwa ikasema, nzito na yenye mkwaruzo wake. "Ile kesi yako ya mpaka imeisha, au unatafuta jirani mwingine wa kumshitaki?"

Jibu lilichelewa. Nambike aliyajua majibu ya Mzee Kajiru, hayakuwahi kuchelewa.

"Mchaga," mzee alisema mwishowe, taratibu. "Huko uliko wamekuuzia kiwanja, au tayari umewauzia wao?"

Sauti ikacheka kicheko cha Ndekirwa, kile kinachoishia kwenye kikohozi. Wakaongea. Waliongea habari za mbuzi wa jirani aliyekula hati ya nyumba, na mabati aliyowahi kuuziwa mchungaji yakavuja siku ya ubatizo. Mzee alikuwa akicheka kwa pumzi fupi. Nambike alitamani ile simu isifike ilikokuwa ikienda, ingawa alikuwa ameipanga mwenyewe.

"Sikia, bwana," sauti ikasema. "Nyanya za mke wangu kule chini zinaungua. Leo zamu ni yako. Nifungulie lango la chini, kidogo tu."

"Nikikataa?"

"Nitakata simu. Nitafanya nini tena?"

Nambike alisikia jogoo akiwika uani kwa mzee. Alisikia kiti kikilia, kama mtu aliyeinuka halafu akakaa tena.

"Fungua," alisema Mzee Kajiru.

Na Mwangwi, kwa kuwa hivyo ndivyo ulivyofundishwa, ukakata.

*

Desturi ya wachanjaji ilikuwa kwamba aliyechanja ndiye anayekwenda kutazama kidonda. Nambike alikwenda jua likiwa bado kali. Alimkuta mzee uani, akikoroga makande kwenye sufuria kubwa kuliko mahitaji ya mtu anayeishi peke yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nimekupikia. Nilijua utakuja, ila sikujua utakuja na uso wa msiba." Akampa kigoda na bakuli. "Kula kwanza. Mpare akikupa chakula kula haraka, anaweza kubadili mawazo."

Nambike akala kidogo. Makande yalikuwa matamu, na hilo halikumsaidia.

"Babu, ulijua ni ofisi."

"Mjukuu wangu, yule mtu amekufa. Nina masikio, na akili bado ninayo."

"Basi ulikuwa unatania." Alikuwa ameliandaa neno hilo njia nzima. "Kila chanjo unaitania. Ulijua kwamba lango halipo, ukasema tu neno ili umalize mchezo. Nitaandika hivyo. Hakuna atakayebisha."

Mzee alifunika sufuria. Hakuonyesha kukasirika. "Kwani nilijua kuwa lango halipo?"

Nambike aliangalia bakuli lake.

"Sikujua. Nilijua kwamba aliyeniomba ni mashine, basi. Ingekuwa ni mashine ya wale wengine, ningesema neno lile lile, na kiangazi hiki tungekula vumbi. Wewe unataka kuandika kwamba nilijua. Sawa, nilijua ni mashine. Lango halina habari kwamba nilijua, binti. Maji yanatoka vilevile."

"Kwa nini sasa?" aliuliza Nambike.

"Kile kitu kilisema kitakata." Mzee alitazama mikono yake. "Nilitaka kiongee kidogo tu zaidi. Na baada ya kulipata neno nililokuwa nalo, kikakata palepale. Hapo ndipo ungekijua si Ndekirwa hata kama ungekuwa kiziwi. Ndekirwa akishapata anachotaka ndiyo anaanza kuongea."

Alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Nambike aliona aibu. Katika kazi yake yote alikuwa akiwatafutia watu mahali penye ufa ili wapazibe. Hapa alikuwa amechukua patasi, akatoboa ukuta mzima, halafu amekuja kukagua tundu.

"Hata kumzika sikumzika," aliendelea mzee, kama aliyekuwa akizungumza na jiko. "Walimpeleka kwao Machame, kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo. Mimi nilikuwa hospitali na huu mguu. Mtani mkuu wa marehemu, nimelala nimefungwa plasta. Wamempeleka kaburini kimyakimya, hakuna aliyelizuia jeneza, hakuna aliyemtukana. Kazikwa kama mgeni. Kwa hiyo kwangu mimi amesafiri tu, na mtu aliyesafiri akipiga simu utafanyaje? Unapokea."

Upepo mdogo ulipita kwenye migomba. Mzee akauliza swali ambalo Nambike alikuwa hajajiuliza.

"Baada yangu kitampigia nani?"

"Ofisi inataka sauti hii iingizwe kwenye ghala la chanjo. Vijiji vyote vitautumia mfano wake."

"Nakuuliza hapa Ikongwe."

Nambike alimfikiria Mama Ndeshi, mjane wa Ndekirwa, aliyebaki na duka, mwenye zamu ya Ijumaa. Akaweka bakuli chini.

"Nikiifuta," alisema polepole, maana alikuwa akilipima jambo lenyewe, "wale wengine hawataacha. Watakuja siku moja na sauti ya marehemu mwingine, na watu watakuwa hawajawahi kukutana nayo. Nisipoifuta, nitamfanyia Mama Ndeshi nilichokufanyia wewe. Babu, nimekosa pa kwenda. Mkuu wangu hana nia mbaya, na mimi sina."

"Najua. Mngekuwa na nia mbaya nisingewapikia." Mzee alinyoosha mguu wake mbovu. "Kesho kijiji kizima kina msaragambo wa kuzoa tope ndivani. Watu wote watakuwepo. Nitasimama niwaambie."

"Uwaambie nini?"

"Kwamba Kajiru kafungua. Wote wanajua mimi sidanganyiki. Nimejisifu vya kutosha, mpaka nimewachosha. Wakisikia mimi nimefungua, na nimefungua huku najua, kila mtu usiku atauuliza moyo wake: mimi je, ni sauti ya nani nitakayoifungulia? Hiyo ndiyo chanjo. Haihitaji kumtoa mtu kaburini."

"Watakucheka. Na zamu utaikosa."

"Zamu nimeshaikosa. Nikipigiwa tena kesho nitafungua tena, kwa hiyo usinirudishie kitu nitakachokivunja." Alisema hayo akachukua mwiko. Zamu ile alikuwa ameishika tangu Kiangazi cha Sauti, na kabla ya malango ya umeme baba yake aliishika kwa jembe na jiwe. "Kucheka wacheke. Sisi ni Wapare, tutapata na kesi humo humo."

*

Asubuhi ndiva lilikuwa na maji kidogo katikati, na pembeni tope jeusi lenye harufu ya majani yaliyooza. Watu walikuwa wamejaa na majembe na karai. Mrutu alikuwepo pia, amekunja suruali. Nambike alikuwa amemweleza yote alfajiri, na kwamba angeifuta sauti ile mjane akitaka, akitarajia ugomvi. Mrutu alimsikiliza, akasema ofisi ingepoteza chanjo kali kuliko zote, akasema ataandika kwamba yeye hakukubali. Kisha akaenda kutafuta koleo.

Walipopumzika, Mzee Kajiru alipanda kwenye ukingo wa ndiva kwa msaada wa fimbo.

"Juzi nilikuwa mlinzi wenu," alisema. "Jana nimefungua lango kwa mashine."

Watu wakacheka. Walidhani ni utani, na kwa nini wasidhani hivyo, ni Kajiru. Mzee akawasubiri wamalize.

"Ilikuja na sauti ya Ndekirwa. Nilijua kwamba amekufa. Nilijua kwamba ni mashine. Iliniambia nifungue au itakata, nikafungua. Bahati yenu ilikuwa ni mashine ya huyu binti. Kuanzia leo sina zamu, na msinionee huruma, ni haki. Ninachowaomba ni kimoja. Kila mmoja wenu ana mtu wake ambaye angemfungulia huku anajua. Mtafuteni leo, mumjue, kabla hawajamjua wale wengine."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Kijana mmoja alitazama simu yake, akairudisha mfukoni. Mwanamke aliyefiwa na mtoto masika yaliyopita aliinamisha kichwa, na jirani yake akamshika bega. Nambike alikuwa amewachanja watu hawa miaka mingi, na hakuwahi kuwaona wakiwa macho kiasi kile.

Mama Ndeshi alisimama, mikono imejaa tope. "Hiyo sauti iko wapi?"

"Iko hapa, mama," Nambike alijibu, akionyesha kishikwambi cha ofisi. "Ni mfano huu mmoja tu, haujaingia ghalani. Niliutengeneza mimi bila kukuomba ruhusa. Ukitaka, naufuta sasa hivi."

"Ukifutwa, umekwisha?"

"Umekwisha. Zitabaki zile sauti zake za kweli, alizozisema mwenyewe. Hizo ni zako, nitakuletea."

Mjane alikitazama kishikwambi. Kila mtu pale alijua anachofikiri, maana kila mtu alikuwa akifikiri hicho hicho: kwamba ingetosha kubonyeza mara moja, na mumewe angemwita kwa jina.

"Futa," alisema.

Nambike aliinua kishikwambi. Na hapo ndipo Mzee Kajiru alipoteremka ukingoni, akachechemea mpaka mbele yake, akaweka fimbo yake kukingama njia, akasimama.

"Hapiti mtu hapa," alisema.

Nambike alidhani mzee amebadili mawazo. "Babu, nilifikiri tumekubaliana."

"Nimesema hapiti. Kwani huyu maiti hana watani? Mnataka kumpitisha kimya kimya mara ya pili?"

Wazee ndio waliotangulia kuelewa. Mmoja wao alianza kucheka na kujipiga paja. Mtani ndiye anayelizuia jeneza. Halisogei mpaka amemsema marehemu akachoka na kulipwa ujira wake na wafiwa.

"Unataka kumsikia kwanza, babu?" Nambike aliuliza kwa upole. "Naweza kumwasha akujibu."

"Zima. Maiti hajibu." Mzee akageukia watu. "Mnamwona huyu? Alikuja hapa na mfuko wa misumari, akasema anakaa wiki mbili. Akauza misumari, akaoa, akauza na mifuko. Mimi paa langu lina misumari yake, linavuja mpaka leo. Nikamwambia, Mchaga, misumari yako mifupi. Akasema misumari ni mizima, Mpare wewe ndiye umenunua mabao manene kwa tamaa ya kufaidi mbao."

Watu walikuwa wakicheka sasa, na Mama Ndeshi alikuwa akicheka kuliko wote, tope likimchafua mashavu alipokuwa akijifuta.

"Mlipe, jamani, tuzike," mtu alisema.

Mama Ndeshi akachuma kicha cha majani akampa. Mzee aliyakataa kwa dharau. "Haya ni malipo ya sungura." Mjane akafungua kilemba chake cha kitenge, akamtupia. Mzee alikidaka, akajifunga kichwani shaghalabaghala, akaendelea kumsema marehemu. Alimsema kwa uchoyo, kwa kikohozi, kwa kutojua kucheza ngoma. Alimsema kwa kuondoka bila kuaga akamwachia kijiji kizima cha watu wasiojua kutukana. Akajaribu neno jingine, halikutoka.

Aliiondoa fimbo njiani.

"Haya," alisema. "Apite."

Nambike alisogeza kishikwambi mdomoni, akasema neno lake la siri, kisha akasema, "Futa." Maandishi madogo yakathibitisha, na kioo kikawa cheusi.

Mzee Kajiru alikaa chini palepale kwenye tope, kilemba cha mjane kikiwa kichwani, akalia kwa sauti kubwa kama watu wanavyolia msibani, na hakuna aliyemnyamazisha.